Picha za uchumba msimu wa majani kupukutika, Minnesota: naombeni uzoefu wenu

BintiTanga_MN

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Minnesota, pembeni ya Minneapolis, mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita mwenzangu alinivisha pete. Ni Mkenya, Mkisii, na msianze kunicheka. Harusi ni mwakani nyumbani Tanga, panapo majaliwa.

Tunataka picha za nje, miti ikiwa imegeuka rangi, za kuweka kwenye kadi na nyingine za kutundika ukumbini. Tatizo ni kwamba mpiga picha niliyempata anataka nitaje tarehe sasa hivi, Agosti hii, na nilipe nusu. Mimi nitajuaje miti itakuwa imefikia wapi? Mwaka jana nilitoka shifti ya usiku Jumatatu asubuhi, nikakuta mti ulio nje ya kazini umewaka kama moto wa kuni kavu. Nikasema Jumamosi nitakuja nipige selfi. Jumamosi nakuta fito tupu.

Halafu mavazi. Nina kitenge kizuri cha rangi ya chungwa, mwenzangu anasema nitapotelea kwenye majani. Kuna ukweli? Na jambo jingine ambalo naogopa kumwuliza mpiga picha mwenyewe: kwenye kurasa zake sijaona mtu mweusi hata mmoja.

Karibuni, msiniache.

Mgosi wa Kaya

Hongera dada'angu. Niliposoma "picha za vuli" kwenye ule uzi wako wa kwanza nikajua unasubiri mvua za Oktoba ndiyo mpige picha na miavuli. Kumbe vuli ya wenzetu ni majani kufa! Huku Lushoto vuli ndiyo watu wanapanda maharage.

Nakaa hapa nisome.

MamaJunia

Hongera sana mdogo wangu. Nina miaka 12 St. Paul, mji pacha wa Minneapolis, nisikilize mimi niliyeungua.

Sisi tulichagua Jumamosi ya mwisho ya Oktoba kwa sababu ndiyo siku ndugu wote walikuwa na nafasi. Jumatano kabla yake ulivuma upepo usiku kucha, na mvua ya barafu juu yake. Tulipofika bustanini miti ilikuwa mifupa. Picha zote nyuma yetu kuna matawi ya kijivu kama nyaya za umeme. Mama mkwe alipoziona aliuliza kama tulipiga makaburini.

Kwa hapa mjini, miaka mingi rangi hukolea kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Kaskazini huko juu zinatangulia, katikati ya Septemba tayari. Idara ya maliasili ya jimbo ina ramani ya rangi za majani kwenye tovuti yake, wanaisahihisha kila wiki msimu ukianza. Hiyo ndiyo kalenda yako, achana na ya ukutani.

BintiTanga_MN

Dada asante. "Kama mlipiga makaburini" nimecheka hadi mzee ninayemlea ameniuliza kuna nini.

Lenzi_Kavu

Nimepiga picha za harusi na uchumba huku Ohio kwa miaka kadhaa, kabla ya hapo Mombasa. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Kuhusu tarehe: usimpe mpiga picha siku, mpe wiki. Mwambie, "Nalipa amana, nishikie siku za kazi za wiki ya pili ya Oktoba, siku tatu kabla tunaamua pamoja kwa kuangalia miti na mvua." Wengi watakubali kwa sababu siku za kazi hawana wateja wengi. Akikataa kabisa, mwulize sharti lake la kuahirisha ni lipi, na liandikwe. Wewe unapiga shifti za usiku, sivyo? Basi Jumatano jioni kwako haina tofauti na Jumamosi, na bustanini hamtakanyagana na watu.

Ujue pia miti haigeuki pamoja. Ile ya mepo, yenye jani lililopo kwenye bendera ya Kanada, huwaka nyekundu na chungwa mapema na huisha haraka. Ile yenye gome jeupe inakuwa njano tupu. Mialoni, ndugu zake wale wa Mamre kwenye Biblia, inachelewa sana, inakuwa ya kahawia-nyekundu na inayang'ang'ania majani yake wenzake wakiwa uchi. Kwa hiyo tafuta mahali penye mchanganyiko. Mepo ikikutupa, mwaloni utakusitiri.

Ile njano ilikuwemo kwenye jani siku zote, imefunikwa na kijani. Mchana ukifupika mti unaacha kutengeneza kijani, njano inajitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: mara nyingi inatengenezwa wakati huo huo wa mwisho, kutokana na sukari iliyonasa kwenye jani. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kuganda huleta nyekundu kali. Wiki ikiwa ya mawingu na joto, usitegemee moto, tegemea haradali.

Ya ngozi nakuja kuandika baadaye, nina mteja.

Omogusii_Halisi

Shemeji! Karibu sana kwa familia. Mkisii hapotei kwa majani, mwambie huyo ndugu yangu.

Mimi niko Brooklyn Park, hapa hapa pembeni ya Minneapolis. Ukitaka picha za kuua, panda gari uende ufuko wa kaskazini wa Ziwa Superior. Hadi Duluth ni kama masaa mawili na nusu, halafu unaendelea na ile barabara ya kandokando ya ziwa. Sisi tulienda hadi Oberg, kilima kidogo tu, unazunguka juu kwa miguu chini ya masaa mawili na unaona ziwa upande mmoja, na upande mwingine bonde lote la mepo kama zulia. Kitu moja tu: kule juu ya vilima mepo hukolea mwisho wa Septemba, lakini chini kando ya maji miti huchelewa, kwa vile ziwa linashika joto la kiangazi. Kwa hivyo ukikosa ya juu bado unaweza pata ya chini.

Ukiingia mbuga za jimbo unahitaji kibali cha gari. Nilipolipia ilikuwa dola 7 kwa siku.

MamaJunia

Omogusii, umesahau kumwambia hoteli za huko wikendi za rangi zinajaa miezi kabla. Na mpiga picha atakudai nauli na usiku wa kulala. Kwa bajeti ya mtu anayejenga harusi ya Tanga, hapana.

Taylors Falls ni saa moja tu kutoka mjini. Mto St. Croix uko chini, majabali meusi juu, jimbo la Wisconsin ng'ambo. Nenda siku ya kazi, wikendi foleni ya magari pale ni Kariakoo ya Desemba.

Ticha Mstaafu

Vijana mna mambo. Mimi na marehemu mama watoto tulipiga picha ya uchumba mwaka 1984, studio, Tanga mjini. Picha moja. Nyuma kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na bata mzinga wawili, mpaka leo sijui bata mzinga walitafuta nini kwenye maporomoko. Mimi nimekaa kwenye kiti, yeye amesimama, mkono wake begani kwangu. Mpiga picha alisema, "Msicheke," tukafunga midomo. Picha ipo sebuleni hadi leo na haijapauka.

Sasa wewe unaenda kupiga picha mia tatu ili uchague moja. Haya, hongera lakini.

BintiTanga_MN

Shikamoo mwalimu. Na pole kwa kuondokewa na mama. Sisi tuna maporomoko ya kweli hapa, yanaitwa Minnehaha, yapo katikati ya mji kabisa, urefu kama mita 16. Bata mzinga wa porini nao wanazurura mitaani humu, wakati mwingine wanasimamisha magari. Kwa hiyo pazia lenu lilikuwa linatabiri.

Ticha Mstaafu

Marahaba binti. Basi nimeelewa bata walitafuta nini.

Lenzi_Kavu

Nimerudi. Ngozi.

Kamera haijui sura yako. Inapima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Mkisimama mbele ya mti wa njano unaong'aa na jua nyuma yenu, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na nyinyi mnabaki vivuli vyenye meno. Mpiga picha asiyezoea atasema "nitarekebisha kwenye kompyuta". Akiinua mwanga wa sura baadaye, ngozi inatoka na chenga chenga na rangi ya majivu. Au anachukua njia ya mkato, anaweka filta ileile anayowawekea wote na mnatoka mmechubuliwa. Nimeona bibi arusi ambaye mama yake hakumtambua.

Anayejua kazi anapima mwanga kwenye sura na kuacha mti ung'ae zaidi kidogo, haudhuriki. Anakuja na kile kitambaa cha kurudisha mwanga. Na hawasimamishi watu katikati kabisa chini ya mti wa njano, maana pale mwanga wote unashuka ukiwa umepita kwenye majani, na ngozi ya kahawia inageuka kuwa ya manjano kama ya mgonjwa wa ini. Unasogea pembeni ya kivuli, ambapo uso unaiona mbingu.

Kwa hiyo huyo wako usimwogope. Mwandikie: "Naomba kuona picha zote za wachumba weusi uliowapiga nje, si moja au mbili." Akiwa nazo atatuma kwa furaha. Akianza kukueleza kwamba yeye haoni rangi za watu, basi na picha zako hataziona.

MamaJunia

Naweka saini hapo kwenye mstari wa mwisho.

Kidoti

Mimi nimekuja na habari ya pete, jamani mnanisaidie kumwonya.

Tulipiga picha katikati ya Oktoba, baridi ilikuwa ya kuvumilika tu. Sasa mpiga picha anataka ile picha ya kurusha majani juu. Nikavua glovu, nikachota majani kwa mikono miwili, nikarusha, nikacheka vizuri kabisa. Nashusha mkono, kidole kitupu.

Wee! Niliishiwa nguvu magoti. Pete iliyonunuliwa kwa mkopo wa miezi 18! Tulipiga magoti sote watatu, mpiga picha, mimi, mume wangu (bado mchumba wakati huo), tukifukua jani moja moja na tochi za simu, giza linaingia. Dakika arobaini. Mume wangu hakusema neno, na ule ukimya ndio ulionitisha kuliko pete. Mwisho nikasikia baridi ya vidole, nikavaa glovu yangu ya kushoto, kitu kikanikwaruza. Pete ilibaki humo ndani nilipoivua.

Vidole vinasinyaa kwenye baridi. Funga uzi mwembamba upande wa kiganjani ukaze pete, au picha za kurusha majani mpige bila pete.

Mgosi wa Kaya

Miezi 18 😂😂😂 Kidoti umeniua. Sasa picha ya kurusha majani ilitoka?

Kidoti

Ilitoka nzuri kuliko zote. Ukiikuza unaona kidole hakina kitu.

BintiTanga_MN

Nimeshanunua uzi. Naomba sasa tumalize la mavazi, kitenge cha chungwa kibaki kabatini au?

Lenzi_Kavu

Kibaki. Au ukivae ufukweni mwa ziwa au kwenye majabali, ambako nyuma ni kijivu na bluu. Mbele ya mepo vaa bluu iliyokolea, kijani cha chupa, au damu ya mzee. Nyeupe ya maziwa inapendeza sana kwa ngozi yetu, nyeupe ya karatasi hapana, inapiga makelele. Mwenzako asivae maua ikiwa wewe umevaa maua. Kitenge kimoja kwa picha kinatosha, mwingine avae rangi moja iliyochukuliwa kutoka kwenye hicho kitenge.

MamaJunia

Na vazi liwe na nafasi ya kuvaa kitu cha kubana ndani. Jua likizama huku baridi inashuka kama mtu amefungua friji. Chukua koti kubwa la kujifunika kati ya picha na picha, chai ya tangawizi kwenye chupa, na viatu vya kutembelea. Majani mabichi ya mvua yanateleza kuliko sabuni, usitembee na visigino juu ya mbao za daraja.

Mafuta! Usisahau mafuta. Upepo wa Oktoba unapausha mikono ndani ya dakika kumi, na mkono ndio utakaopigwa picha kwa karibu. Vaselini mfukoni, vifundo vya vidole kila baada ya muda. Na yeye pia, wanaume wanasahau viwiko na masikio.

Mkikaa chini kwenye majani, mkirudi nyumbani jikagueni kupe. Watu wanadhani wameisha na joto, kumbe wale waliokomaa wa aina ya miguu myeusi wanatembea sana Oktoba, na wanaweza kukuletea ugonjwa wa Lyme.

Omogusii_Halisi

Shemeji, saa je? Usifanye kama sisi. Tulipanga saa kumi na mbili jioni, tukifikiria jua la nyumbani ambalo linazama wakati mmoja mwaka mzima. Huku Oktoba mchana unapungua karibu dakika 3 kila siku. Wiki ya pili jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na ushee, lakini ukiwa bondeni kilima kinalimeza mapema. Tulipata dakika kumi za jua, zingine zote ni sisi na taa ya gari.

Lenzi_Kavu

Sahihi kabisa. Anzeni saa kumi na nusu. Na msikatishwe tamaa na mawingu, mawingu mepesi ni rafiki wa ngozi nyeusi, hakuna vivuli vikali chini ya macho, na majani yaliyolowa yanakolea. Mvua ya kumwaga ndiyo mbaya.

Kibali cha kupiga picha bustanini ni kazi ya mpiga picha, ila mwulize kama anacho. Mashamba ya matufaha pia ni mazuri, mengi wanatoza ada au wanataka uombe mapema, usiende tu na kamera kubwa kama mtalii.

Kidoti

La mwisho kutoka kwangu. Mahari imeshaisha? Maana picha za kukumbatiana zikifika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla washenga hawajarudi, utaitwa kikao.

BintiTanga_MN

Washenga wamekwenda mara moja, wameambiwa warudi Novemba. Kwa hiyo nimeamua kutakuwa na mafungu mawili: picha za baba, na picha za watu wengine.

*

BintiTanga_MN

MREJESHO. Najua wengine mlishanisahau.

Yule wa kwanza nilimwandikia kama Lenzi alivyoniambia. Alijibu baada ya siku nne na picha moja, ya mtu aliyevaa miwani ya jua. Nikamshukuru. Nikapata mwingine, dada, alinitumia wachumba sita, wote ngozi zao ni zao. Akakubali wiki badala ya siku.

Jumatatu ramani ilionyesha mji wetu umekolea. Jumanne mvua. Tukachagua Jumatano. Nilitoka shifti saa moja asubuhi, nikalala hadi saa saba, shangazi wa mwenzangu akanisuka mbele tu, nyuma nikafunga. Nilivaa gauni la damu ya mzee, yeye sweta la kijani cha chupa. Tulianzia kando ya mto Mississippi penye mialoni na mepo zimechanganyika. Mepo mbili zilikuwa zimeshaanza kunyonyoka na chini pamekuwa pekundu zaidi kuliko juu, yule dada akatupiga kutoka juu ya ngazi tukiwa tumesimama kwenye hilo zulia. Vaselini tulimaliza nusu kopo. Masikio yake alisahau, nikamkumbusha.

Pete: uzi ulikaza. Picha ya kurusha majani nilipiga mkono umefumbwa kama bondia.

Mwisho tukaenda Minnehaha. Maji yalikuwa haba, mstari tu, lakini yalikuwepo. Nikamwambia yule dada naomba picha moja ya kizamani. Mwenzangu akakaa kwenye ukuta wa mawe, mimi nikasimama pembeni yake, tukafunga midomo. Dada alishangaa, akapiga tatu tu.

Juzi nimempigia mama video, nikawa namwonyesha fungu la baba. Anatazama, kimya. Ile ya zulia jekundu akasogea kwenye simu, akauliza, "Na uwanja wote huo nani anaufagia?" Nikamwambia hakuna anayefagia mama, ndiyo uzuri wenyewe. Akaguna. Nikapitisha nyingine na nyingine. Nilipofika ile ya Minnehaha akaniambia, "Simama hapo hapo. Hii ndiyo picha. Hii mpeleke baba yako."

Ndiyo itakayokuwa kwenye kadi.

Ticha Mstaafu

Mkono ulikuwa begani?

BintiTanga_MN

Begani, mwalimu. Wa kushoto, wenye pete.